Niliwaambia Siwajui Bundi wa Mwanangu

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Sikulewa, sikurogwa, wala hakuna aliyenishikia panga. Naandika kwa sababu nimechoka kusifiwa na majirani kwa jambo ambalo walipaswa kunizomea.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa mahindi na maharage hapa Qurus, Karatu. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii huko juu Ngorongoro, anashuka nyumbani akipata likizo. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili. Nimwite Paskalina. Siyo jina lake, maana nimeshamuuza vya kutosha.

Basi huyu Paskalina alipenda kitu ambacho hapa kwetu hakuna anayekipenda. Bundi! Walihamia wawili kwenye dari la nyumba yetu ya zamani, tunamohifadhi mahindi, wenye nyuso nyeupe za kutisha. Mtu mwingine angewatupia mawe. Sote tunajua kinachosemwa: bundi akilia juu ya nyumba kuna msiba, na anayemfuga ndiye anayemtuma. Mwanangu yeye kila asubuhi alikuwa chini yao, anaokota matapishi yao.

Msicheke, hata mimi nilishika kichwa. Kumbe bundi anammeza panya mzima mzima, baadaye anatapika donge la manyoya na mifupa. Paskalina alikuwa analoweka lile donge, anatenganisha mifupa mmoja mmoja, anaianika, kisha anaibandika kwa gundi juu ya kipande cha boksi mpaka panya anakamilika, na mbavu zake na mkia wake. Fuvu lenyewe unaliweka juu ya ukucha wa dole gumba. Ilipendeza, jamani! Sikuwahi kujua panya ni kiumbe kizuri hivyo.

Mwanzoni nilitaka kumchapa. Nikampigia baba yake kumshitaki, akaangua kicheko.

"Mama Paskalina, tangu hao ndege waje, umeona panya kwenye mahindi?"

"Sijaona."

"Basi mwache mtoto. Kwani kamwibia nani?"

Aliposhuka likizo alimletea kibano cha kushikia vile vifupa vidogo. Mimi nikampa kopo kubwa la biskuti la kuhifadhia kazi zake. Nikamwambia, "Wakikucheka, wewe jua mama yako nipo." Nilimwambia hivyo kwa kinywa hiki hiki ninachokulia ugali.

Sasa kinywa chenyewe ndicho kilichoniponza. Nilikuwa na rafiki, nimwite Mama Debora. Tulikuwa tunafuata vitunguu Mang'ola pamoja, tunapanda lori moja, tunalala juu ya magunia yale yale. Siri zangu zote anazijua, hata zile ambazo mume wangu hazijui. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamwingiza chumbani kwa Paskalina, nikavuta kopo chini ya kitanda, nikamfungulia.

"Uuuwi! Mama Paskalina, huyu mtoto atakuwa daktari huyu!"

"Nitunzie siri, mwenzangu. Unawajua watu wetu."

"Mimi tena? Nife kwanza!"

Na siku chache baadaye akaleta gundi, ameitoa dukani kwa mwanawe. Gundi alileta yeye! Paskalina akampigia magoti kwa shukrani. Mimi nikajiona nina dada.

Kisha mjukuu wa Mama Debora akaugua, homa na kifua. Mtoto alipelekwa hospitali Karatu, akaanza dawa, lakini majirani walikuwa wamesikia bundi akilia karibu na paa lao. Maswali yakaanza, huyo bundi anatoka kwa nani. Mama Debora hakuhitaji kufikiri.

Wiki ile zamu ya sala ya jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa nyumbani kwangu. Nilifagia uwanja, nikaazima viti, nikachemsha chai ya maziwa. Wakaja wengi, mpaka watu ambao hata Krismasi hawasali. Mama Debora alikaa mbele kabisa. Nilifurahi, nikidhani wamenipenda.

Tulipomaliza rozari, mwenyekiti wa jumuiya akakohoa.

"Mama Paskalina, kabla hatujanywa chai yako, tuna neno. Tumesikia humu ndani kuna vitu."

"Vitu gani, baba?"

Nikamgeukia Mama Debora anisaidie. Nilijua atasimama, atacheka kile kicheko chake, atasema jamani ni mchezo wa mtoto. Yeye alikuwa ameinamia rozari yake.

"Kopo liko chini ya kitanda cha binti," akasema.

Alilijua lile kopo kwa sababu nilimwonyesha mwenyewe, kwa mapenzi yangu, kwa kujisifu kwangu! Vijana waliingia bila kuulizwa, wakatoka nalo, wakalifungua katikati ya uwanja. Akina mama wakarudi nyuma na viti vyao. Mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

Paskalina alikuwa ameshika birika, anajiandaa kugawa chai. Hakulia wala hakukimbia. Alisema kwa adabu, "Baba, hao ni panya tu. Bundi wanawala, mimi naokota mifupa, naipanga. Mama anajua." Kisha akanigeukia. "Mama, waambie."

Ningesema neno moja. Ndiyo, najua. Kopo nilimpa mimi, kibano kaleta baba yake, gundi kaleta huyo hapo anayejifanya anasali! Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Lakini niliwatazama wale watu nikawaza kutengwa. Kwetu mtu akitengwa haombwi moto wala hapewi. Ng'ombe wake akianguka shimoni atamvuta peke yake, na akifiwa atachimba kaburi na wanawe. Na jina la mchawi halifutiki, litafuata hadi wajukuu. Niliyawaza yote hayo, mwanangu amesimama pale na birika la moto mkononi.

Nikasema, "Mimi sijui. Ndiyo kwanza naona."

Mwenyekiti akamuuliza Paskalina, "Mama yako alikuwa anajua au hajui? Sema kweli mbele ya Mungu."

Paskalina alinitazama. Mimi nikatazama vikombe.

"Hajui," akasema. "Nilikuwa namficha."

Mtoto wangu aliingia kwenye uongo ili mimi nitoke! Wakamtaka apige magoti aombe msamaha, akapiga. Wakataka yale maboksi yachomwe, na kiberiti nikatoa mimi, kutoka mfukoni mwa aproni yangu. Kisha vijana wakapanda darini na fimbo na majani mabichi ya kufukiza moshi. Kulikuwa na vifaranga. Hapo naomba nisiandike zaidi.

Halafu wakanywa chai. Mama Debora aliomba aongezewe sukari, na nikamwongezea.

Mjukuu wake alipona. Hospitali walisema ni nimonia, na dawa alikuwa ameshaanza kabla hatujachoma chochote, lakini hapa kijijini sifa zilikuja kwangu. Mama mwenye imani! Mama aliyesafisha nyumba yake! Nikikutana nao njiani wananishika mkono kwa mikono miwili.

Mama Debora nilimsubiri siku ya mnada, nikamvuta pembeni. Nilikuwa nimejaa, nikamwambia yote: msaliti, nyoka, umekula kwangu, umelala na mimi kwenye magunia, gundi umeleta wewe, kwa nini hukuniita pembeni? Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli," akasema. "Niliogopa, nikamsema mtoto wa mwenzangu. Na wewe? Wewe ulimkana wa tumbo lako."

Akajitwisha vitunguu vyake, akaenda. Namchukia mpaka leo.

Baba yake Paskalina aliposhuka nilidhani atanipiga au atanifukuza. Aliniuliza tu kwa nini sikumtaja yeye. Angeubeba mzigo, yeye ni mwanaume na hakai hapa. Sikuwa nimeliwaza hilo. Akasema, "Uliowadanganya unawajua kwa majina na milango yao unaijua. Nenda kawaambie." Alirudi kazini, na mimi sijaenda.

Na Paskalina je? Hana kinyongo cha kuonekana. Anaamka mapema, anachota maji, amejiunga na kwaya, kila mtu anamsifu. Nikimuuliza habari za shule ananijibu salama. Zamani alikuwa ananichosha kwa maneno! Juzi nilikuwa nakwenda Karatu mjini, nikamuuliza nimletee nini, chochote anachopenda.

"Hapana, mama. Hakuna ninachopenda."

Alisema kwa upole, huku anapepeta maharage. Ningefurahi kama angenitukana.

Wazazi wenzangu, msijidanganye kwamba kumnunulia mtoto vifaa ndiyo kumuunga mkono. Hiyo ni rahisi, hata rafiki yangu yule aliiweza. Kazi iko siku uwanja umejaa watu unaowaheshimu na mtoto anakwambia waambie. Kama unajijua huna ubavu huo, usimwahidi. Afadhali ajue mapema kwamba yuko peke yake.

Zamu ya jumuiya itarudi kwangu baada ya mavuno. Kila nikiamka naapa kwamba siku hiyo nitasimama niseme, na kila nikilala nimeshapata sababu ya kutosema. Leo nikiandika haya Paskalina ameingia, akauliza ninaandika nini. Nimemjibu namwandikia shangazi yake.

Nimemdanganya tena, jamani! Mtetee mwanao siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Ukiiacha ipite, utakuwa kama mimi, unaungama kwa watu usiowajua, na mwenye haki ya kusikia yuko chumba cha pili anafanya mazoezi ya nyimbo za kanisani.