Kadi Isiyopumzika

Watu wa Lushoto wakiona video ya harusi yao imependeza, humsifu mpiga picha. Fanueli, aliyekaa siku nzima akizikata na kuziunga picha hizo mpaka shingo ikakakamaa, hakuna anayemtaja. Kuhariri video ni kama kukata vitunguu vya sherehe: walaji hawaulizi nani alitokwa machozi. Alishazoea, ila kuzoea si kutochoka.

Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, kwenye kompyuta yenye skrini tatu: moja ya kukatia, moja ya kuangalia rangi, ya tatu ya sauti na ya ujumbe wa maharusi wasio na subira. Ndani ya kompyuta mna kadi inayozipelekea skrini zote picha, na kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Tangu aongeze skrini ya tatu, ilichemka na feni zake zikanguruma kutwa nzima, hata pale kompyuta ilipokuwa haifanyi lolote. Nje ukungu umeshuka mpaka kizingitini na watu wamejikunyata ndani ya makoti, lakini kadi ya Fanueli inatoka jasho utadhani iko Mombo, kule bondeni kwenye joto.

Angekuwa peke yake angevumilia. Lakini nyuma ya ukuta wa mbao alilala mama yake, aliyemleta kutoka kijijini kwao Vuga baada ya kumzika baba. Siku ya kwanza mama alipozisikia feni, alitoka na blanketi akaifunika kompyuta, akisema kitu kinachotetemeka namna ile kimeshikwa na baridi. Sisi wa milimani ndivyo tulivyo, kikilia tunakifunika. Kadi nusura iungue. Fanueli aliliondoa blanketi, akaeleza kwa upole, mama akaitikia vizuri kabisa, na kesho yake akaifunika tena, safari hii kwa kitenge, kwa kuwa aliona blanketi ndilo lililokuwa zito.

Kisha mama akaanza kuyataja maharage.

"Mwanangu, naona nirudi Vuga nikayaangalie maharage yangu."

Mzee wa Kishambaa hakwambii kwamba umemchosha. Adabu haimruhusu, kwa hiyo husingizia shamba. Maharage yenyewe yalishavunwa zamani na wote wawili walilijua hilo. Fanueli aliumia. Nyumba ya Vuga haikuwa na mtu, na njia yake mvua ikinyesha inateleza hata kwa vijana. Mzazi mmoja alishamzika. Huyu aliyebaki alimtaka akae karibu naye, basi. Akajiambia kwamba kelele ndizo zinazomfukuza mama, na kelele ni zake yeye.

Akaanza kupambana nazo. Alipangusa vumbi kwa brashi. Akafungua ubavu wa kompyuta na kuielekeza dirishani ili ile baridi ya bure ifanye kazi. Feni hazikujali. Akazipunguza mwendo kwa programu, kukawa kimya kwa muda, halafu joto likapanda na skrini zote zikazimika bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Fanueli alikilaza kichwa mezani, hata hasira hakuwa nayo tena.

Alimpigia rafiki yake Valentino, fundi kompyuta wa Mombo, naye akacheka kwanza.

"Huko kwenye barafu ndiko kadi inachemka? Ilete huku tuikaangie mayai!" Alipomaliza kucheka akasema, "Chomoa skrini moja moja, ndugu yangu. Utamwona mchawi wako."

Alichomoa ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Alipochomoa ile ya tatu, feni zikashuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Skrini ile ilitengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu, nayo ilichora picha upya mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde, wakati wenzake walichora mara sitini. Kadi ilishindwa kuzioanisha, ikawa inakimbia kwa nguvu zote hata pasipo na kazi. Fanueli aliirudisha, akaingia kwenye mipangilio na kuishusha mpaka sitini kama wenzake. Joto likateremka, feni zikapunguza mwendo, mwishowe zikasimama.

Mchana ule nyumba ikawa kimya. Fanueli aliegemea kiti akafumba macho, akayasikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Alifurahi, kwa namna mtu aliyechoka anavyofurahi, bila kujisogeza. Alitaka kumwita mama amwambie maharage sasa yanaweza kusubiri.

Ndipo alipokisikia kikohozi nyuma ya mbao. Kilikuwa kirefu, kizito, kimekandamizwa kwenye mto ili kisitoke. Kilikatika, kikaanza tena.

Aliingia. Mama alikuwa ameketi kitandani, na alipomwona akaificha nyuma ya mgongo khanga aliyokuwa akifutia mdomo.

"Tangu lini, mama?"

Alijibu kwa Kishambaa, kama afanyavyo akitaka jambo liishie hapo, kwamba ni ukungu tu.

"Si wewe uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua?"

Mama alitazama chini. "Ulimuuguza baba yako mpaka ukakonda ukawa kama ufito. Nilikuwa nakuona. Nikasema mimi nitaugulia Vuga, usinione."

"Kwa hiyo hukuwa unakimbia kelele?"

"Kelele?" Mama alishangaa kweli. "Zilikuwa zinanisitiri, mwanangu. Mbona umezizima?"

Fanueli aliketi ukingoni mwa kitanda. Machozi yalimjaa, akayaacha.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, Bumbuli," alisema, akijiandaa kubembeleza.

Mama hakubisha, na hilo lilimtisha kuliko kikohozi chenyewe.