Mchanga wa Nyasi Nyekundu

Mama mkwe wangu aliona matako yangu kabla hajaona mbuzi zangu. Naanza na hiyo ndio tumalizane nayo, juu watu wa kwetu wakikutana na mimi hawaniulizi kazi wala afya, wananiuliza hiyo. Na sio kuona peke yake. Aliyachapa. Aliyachapa na fimbo ya kuchunga ng'ombe, mchana kweupe, na mimi mwanaume na ndevu nikalia "mwaitu, mwaitu", yaani mama, mama. Yeye akaniambia, bila kupumzisha mkono, "Mimi sio mama yako."

Alisema ukweli. Wakati huo bado.

Na yote ililetwa na nyasi. Nyasi nyekundu ya kumea ndani ya maji, kwa tanki ya samaki. Wacha nieleze pole pole, maana nikieleza haraka watu wanadhani nilikuwa nimevuta kitu.

Nakaa Athi River, chumba kimoja, karibu na viwanda vya simiti. Huku kila kitu kina rangi ya simiti. Unaanika shati nyeupe, unatoa ya kijivu. Miti ni ya kijivu, kuku ni wa kijivu, na ukipenga kamasi unaweza plasta ukuta nayo. Shule niliachia katikati ya form two, kwa hivyo sina maneno makubwa ya kusema roho yangu ilikuwa inasikia nini, lakini nilikuwa nataka kitu moja ndani ya hiyo nyumba iwe nyekundu. Sio rangi ya ukuta, hapo landlord angenifukuza. Kitu hai.

Tanki nilitoa kwa jamaa alikuwa anahama. Ilikuwa na ufa, nikaziba. Samaki wakaingia, wakatulia. Halafu nikaanza kutafuta mmea mwekundu, na amani ikaisha.

Ya kwanza nilichagua kwa macho, kama vile watu huchagua bibi kwa harusi ya wengine. Majani ya zambarau iliyoiva, na muuzaji akaniapia ni ya maji. Kumbe ni ua la kopo, la kuwekwa sebuleni. Lilioza kuanzia chini, maji yakanuka kama choo cha stage. Ya pili nikajiongeza akili: nikang'oa terere nyekundu kwa shamba la jirani. Nilifikiria mboga ikiwa nyekundu juu ya ardhi itakuwa nyekundu chini ya maji. Iliyeyuka kama sabuni. Samaki mmoja mkubwa, ambaye nilikuwa nampenda juu ya sura yake ya hasira, akararua mabaki, akaona hayatoshi, akararua wenzake. Asubuhi nikapata wawili wanaelea bila macho. Huyo muuaji nilimtoa nikampatia paka wa ploti, na paka wawili wakapasuana masikio wakimgombania. Hata akiwa maiti alikuwa na fujo.

Ya tatu ndio ilikuwa yenyewe. Inaitwa ludwigia. Shina ndefu, majani madogo, na ukigeuza jani upande wa chini ni nyekundu kama ulimi umeumwa. Lakini kwangu iligeuka kijani ndani ya wiki. Nikakaa na simu naangalia video za watu wanaongea lugha sijui, nikiangalia mikono yao tu, mpaka nikaelewa. Nyekundu haiji na mmea peke yake. Inataka taa kali. Inataka chuma kwa udongo. Na inataka wewe uwe na roho mbaya: ikirefuka unaikata kichwa, mwili wa chini unatupa, kile kichwa unakipanda. Kikimea unakikata tena. Vile unazidi kukata ndio inazidi kuwa nyekundu. Hiyo sehemu niliipenda sana. Nilikuwa natoka kazini nimetukanwa na supavaiza, naingia nyumbani nachukua makasi.

Chuma nilikuwa nayo ya bure. Udongo wa Machakos ni mwekundu juu ya nini kama sio hiyo? Nilitoa wa nyumbani kwetu, nikaviringisha vidonge kama vya kutibu ng'ombe, nikaanika juu ya mabati, nikavizika ndani ya tanki. Juu yake sasa unaweka mchanga, ndio udongo usipande. Na mchanga ndio uliniangusha. Nilizoa wa mjengo, nikaosha mpaka vidole vikakunjamana, kumbe ulikuwa umechanganyika na simiti. Maji yakawasha samaki wakafa wote midomo wazi, kama watu wamesikia bei. Ludwigia ikabaki vijiti viwili kwa glasi ya maji, dirishani.

"Wewe unataka mchanga wa mto," rafiki yangu akaniambia. Huyu ni mtu wa boda, tumekula pamoja miaka mingi, na kwa maneno yake hakuna mto hajui. Akasema kupita Kithimani, huko ndani, kuna mto hauna maji juu lakini mchanga wake ni safi kama sukari.

Sasa, kuna kitu ya kujua. Wakati huo nilikuwa naoa. Msichana anashona suruali kwa kiwanda cha EPZ, mdomo wake ni makasi kuliko yangu, na nilikuwa nampenda mpaka nikawa naoga mara mbili. Wazee wa kwetu walikuwa wameenda kwao wakaongea. Ilibaki ntheo, zile mbuzi za kusema huyu msichana sasa ako na mwenyewe. Bila hizo mbuzi, kwetu, hata mkikaa na yeye mpaka mzeeke mtakuwa mnatembeleana tu. Siku ilikuwa Jumamosi. Watu wao hawakuwa wananijua sura. Mimi nami kwao nilikuwa najua tu ni kupita Kithimani, huko ndani.

Ndio. Huko huko. Msichana alikuwa ameniambia hata jina la mto, lakini nilikuwa naangalia shingo yake.

Na kitu ingine ni nthoni. Kwetu wewe na mama mkwe hamuonani ovyo ovyo. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Humpi mkono, huli mbele yake, jina lake hutaji. Ni heshima, na ukiivunja inalipwa na mbuzi, kama bado kuna mtu anataka mbuzi yako.

Alhamisi tukaenda. Tulipitia njia ya nyuma. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na katikati kulikuwa na shimo limechimbwa vizuri, limezungushiwa miiba, na ndani maji yametulia, masafi kabisa. Mtu ambaye amemaliza shule pengine angejiuliza nani alichimba. Mimi niliona mahali pa kuoshea mchanga. Nikavua suruali isilowe, nikatoa miiba, nikaingia ndani ya lile shimo na gunia. Nilikuwa nakanyaga mchanga na miguu, naimba. Kingo zikaporomoka. Maji yakawa uji. Rafiki yangu alikuwa juu kwa ukingo, amekalia boda, anaangalia simu.

Hicho kilikuwa kisima cha mama mkwe wangu.

Sikusikia mtu akikuja. Nilisikia boda ikiwashwa, nikainua kichwa kumuuliza rafiki yangu anaenda wapi, na fimbo ya kwanza ikanipata nikiwa nimeinama. Mama mnene, leso kichwani, mtungi wa plastiki ameutupa huko. Alinichapa matakoni, mgongoni, kwa mkono niliokuwa nainua. Nilijaribu kupanda ukingo nikateleza, chupi ikashika kwa mwiba ikabaki huko. Hapo ndio nilimwita mama, na hapo ndio alinijibu.

Halafu wanaume wakafika.

Hii sehemu huwa naisimulia nikicheka, na watu wanacheka, lakini meno mawili niliacha kwa huo mchanga. Huko watu wa malori wamemaliza mchanga wa mito mingi, na mchanga ukiisha maji yanaisha. Wanatuma kwanza mtu na pikipiki, na gunia moja ya kuonja, halafu usiku malori yanaingia. Mwezi uliotangulia kijana mmoja wa hapo kijijini alikatwa mkono na panga akizuia lori. Sasa wanakijiji wamepata mtu wa pikipiki, na gunia, uchi. Teke la kwanza lilinipata mbavu. Mmoja akanikanyaga shingo, uso ukaingia kwa mchanga, nikaumeza. Ni ukweli ulikuwa safi. Mwingine alikuwa ananipiga na ubapa wa panga, paa, paa, bila haraka, kama mtu anapiga godoro.

Mzee mmoja mrefu akawasimamisha. Akaniuliza lori iko wapi.

Nikamwambia hakuna lori, mchanga ni wa kupanda nyasi ya samaki.

Akaniuliza samaki gani wanakula nyasi.

Nikamwambia hawali, ni ya kuangalia tu, ni nyekundu.

Walidhani nawadharau. Hiyo duru ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Damu ilikuwa inatoka puani na mdomoni, inaingia kwa yale maji niliyochafua, inazunguka pole pole, na kichwa changu kijinga kikafikiria: hiyo ndio rangi nilikuwa natafuta. Halafu nikasikia sauti moja nyuma, ya upole, inauliza kama kuna mtu ako na petroli.

Hakuna mtu alijibu, lakini pia hakuna mtu alisema hapana. Nilijikojolea, na kwa vile sikuwa na nguo kila mtu aliona.

Simu ikalia. Ilikuwa kwa suruali yangu, na suruali alikuwa nayo kijana mmoja anapekua mifuko. Akaitoa, akaangalia. Kwa kioo kulikuwa na picha ya msichana wangu, kichwa amelaza kwa bega langu.

"Mzee," akasema, "huyu si wa kwenu?"

Mzee mrefu akachukua simu, akaishika mbali na uso vile wazee hufanya. Akaipokea. Sauti ya msichana ikatoka kubwa, ya kulia, ikiuliza, "Uko hai?"

"Ni nani yuko hai?" mzee akauliza.

Msichana akasema, "Baba?"

Sijawahi kuona watu wakigeuka hivyo. Wote, hata wa petroli, wakaangalia upande mwingine. Mama akaangusha fimbo. Akavuta leso ikafunika uso wote, akageuka, akapanda ukingo wa mto akijigonga kwa miti, juu hakuwa anaona. Mtungi wake aliuacha. Mzee alinitupia suruali bila kuniangalia, akasubiri nivae, halafu akanionyesha gunia. Nikarudisha mchanga. Na mikono, kwa magoti, mpaka shimo likawa na sura ya shimo, huku natema damu kando ndio nisichafue. Kuhusu Jumamosi hakusema neno.

Msichana alikuja kwangu hiyo jioni. Aliangalia uso wangu, akalia, halafu akanipiga kofi kwa shavu lililokuwa limebaki zima. Akaniambia mama yake amejifungia, hataki kula, anasema ameona kitu macho hayawezi kuoshwa. Kama mama akikataa, imeisha. Baba hawezi kupokea mbuzi kama mama amekataa.

Jumamosi nilienda, uso kama mandazi, na mbuzi moja zaidi. Hiyo ilikuwa ya mama, ya kusafisha macho. Wazee wetu waliipeleka nyuma ya jikoni ikafungwa karibu na mlango. Akiikubali itachinjwa. Akiikataa itafunguliwa, irudi yenyewe, na sisi tuifuate. Tuliketi. Mzee mrefu alikuwa anaangalia kwato za mbuzi zingine, mimi naangalia kona ya jikoni, na kila kuku akitokea pale roho yangu ilikuwa inasimama. Kinywa kilikuwa kinauma mpaka kwa sikio. Nilikuwa najua kukaa bila meno, hiyo nilikuwa nimeshazoea. Kukaa bila yeye ndio sikuwa najua.

Mbuzi ikalia. Ikalia tena, sauti ya juu, halafu sauti ikakatika katikati. Damu ikachuruzika kutoka nyuma ya jikoni, ikafuata ule mfereji wa maji ya mvua, ikapita mbele ya miguu yetu. Mjomba wangu akavua kofia. Mzee mrefu akasema chai iletwe.

Tukiondoka, msichana alitoka jikoni na ndoo, imefunikwa na sahani. Ilikuwa mchanga, umeoshwa. Mama yake, ambaye mpaka leo sijamwona uso tena, alikuwa amemtuma aniambie, "Mchanga huombwa."

Nikapanda vile vijiti viwili. Taa, udongo wa nyumbani, mchanga wa mama mkwe. Nikakata vichwa, nikapanda, nikakata tena. Saa hii ukiingia kwangu kutoka kwa hiyo vumbi ya nje, kitu unaona kwanza ni kona inawaka. Bibi yangu anasema inafanana na mdomo wangu siku ile.

Rafiki yangu sikuwa nimeongea naye. Nilikuwa nimemtangaza stage yote: mwoga, aliniacha nikiuawa. Hakuwahi kujibu. Ni bibi yangu aliniambia, siku moja tukikata vichwa vya ludwigia, kwamba ile simu ya mtoni alipiga juu huyo mtu wa boda alimpigia yeye kwanza. Niliweka makasi chini nikaenda stage vile nilikuwa, mikono imelowa. Nikamwuliza kwa nini hakusema, na alijuaje wale ni watu wa kwao, ndio ampigie yeye.

Akapangusa kiti cha boda nikae.

"Mimi sikujua ni kwao," akasema. "Nilimpigia kumwambia asikungoje tena."