Sentimita za Fundi

Mdogo wangu wa kike tunamwita Ngazi kwa urefu wake, na hajawahi kununa. Ananipigia pasi kwenye kibanda changu cha kushona, na tukifunga jioni anafanya mazoezi ya kuruka juu. Uani nimemsimikia miti miwili yenye misumari, fito katikati, na nyuma yake magunia niliyoyajaza vipande vya vitambaa. Misumari niliipima mwenyewe kwa tepu yangu, hii ninayoivaa shingoni miaka kumi na tisa. Wa juu kabisa ulisoma mita moja na sentimita sitini. Aliuruka kila siku, huku akinitania.

"Kaka, ongeza mwingine, huu umeshanizoea!"

Miti yenyewe iliishia hapo, nami nilikuwa mvivu wa kutafuta mingine.

Ukafika mchujo wa timu ya mkoa. Kwa wanawake wanaoruka juu, nafasi ilikuwa moja tu, na aliitaka kuliko kitu chochote. Asubuhi hiyo alikwenda chooni mara nne. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hata hivyo hamsini na tano aliipita, na sitini akaipita kwa nafasi kubwa mpaka nikashangaa. Wakabaki wawili. Kipaza sauti kikatangaza mita moja, sitini na tatu.

Nilimwona akibadilika palepale. Mabega yalipanda, midomo ikamkauka. Akanijia ukingoni mwa uwanja.

"Kaka, hiyo sijawahi."

Na mimi, mjuaji wa vipimo, nikajibu, "Kweli hujawahi. Jaribu tu, usije ukajiumiza."

Mara ya kwanza aliiangusha kwa kifua. Ya pili, kwa mkono. Ya tatu alikimbia vizuri, akaifikia, akasimama wima. Mwenzake aliigusa, fito ikatikisika ikabaki juu, na nafasi ikaenda zake.

Jumatatu nikanunua tepu mpya, maana namba za ile ya zamani zilikuwa zimefifia kiasi cha kuniudhi. Nikazilaza mezani sambamba, nikapigwa na butwaa. Mia na hamsini ya mpya iliishia kwenye mia na arobaini na nne ya kuukuu. Tepu yangu ilikuwa imevutika! Miaka yote hiyo sikujua, kwa sababu mwili niliupima kwayo na kitambaa nikakikata kwa hiyohiyo, nguo zikakaa sawa. Nani angelalamika?

Nilikimbia uani na tepu mpya. Msumari wa juu, fito ikiwa bado juu yake, ulisoma mia na sitini na sita. Nikapima tena, na tena. Nikamwita.

"Umekuwa ukiruka sitini na sita, mdogo wangu. Kila jioni. Ile yao ilikuwa chini ya hii. Mimi ndiye niliyekuangusha, kwa mdomo wangu huu."

Hakulia. Alinitazama, akautazama msumari, akaomba nimwonyeshe namba kwenye tepu mpya. Nikamwonyesha. Kisha akarudi nyuma hatua zake tisa, nami nikashukuru, nikijua ataruka na kunitukana baadaye.

Akakimbia, akaifikia, akasimama wima.

"Iko juu mno, kaka," alisema akihema. "Ishushe."

Fito sikuwa nimeigusa tangu wiki iliyopita.