Kikombe cha Maziwa Kule Buswelu

Ijumaa nilipigiwa simu kwamba yule mama wa Buswelu, msagaji wa chakula cha kuku, amefariki. Kifua kilichomsumbua miaka mingi hatimaye kimemshinda. Wasomaji wangu wa zamani mnamkumbuka: ndiye niliyemsifu katika safu hii kwa kuwapa wafanyakazi wake maziwa. Nimelia, sikatai. Lakini leo naandika moyo ukinidunda kwa hamu, maana nina kisa chake ambacho nimekikalia muda mrefu mno, na ni kisa kitamu ajabu.

Kiwanda chake kilikuwa chumba cha uani. Dagaa waliovunjika aliwanunua soko la samaki la Mwaloni, mashudu ya pamba yakitoka Magu, na mashine ikianza kunguruma chumba kilijaa vumbi hata wanawake wanne waliokuwa ndani wakatambuana kwa sauti tu. Walitoka weupe hadi kope. Hapo mama alimpa kila mmoja kikombe cha maziwa ya kusafisha kifua. Sote tuliamini hivyo, kuanzia maseremala hadi wapakia saruji, nami nikaandika kwamba waajiri wote waige. Pongezi nilizopata! Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha mkwewe, mke wa mwanawe na mmoja wa wale wanne, akaanza kukohoa. Kikombe kikawa viwili, vikawa vitatu, na binti anazidi kubanwa. Zahanati wakasema maziwa hayana njia ya kufika kwenye mapafu. Mama hakubisha, hakukubali pia. Alikuwa binti wa wafugaji, mbuzi amewapasua tangu utotoni, akaona dawa ni kuangalia mwenyewe. Jumapili aliniita. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwandishi. Kaa karibu uone." Beberu alikuwa amekwisha kuchinjwa. Mama akatoa koo, mapafu na tumbo vikiwa vimeshikana, akavitundika mbele ya wanawake wake. Akamimina maziwa kwenye njia ya chakula, yakateremka yote tumboni. Akapuliza bomba la pumzi, mapafu yakavimba. Akayapasua: hamna hata tone.

"Vumbi linapita huku," alisema. "Maziwa yanapita jirani, wala hayapigi hodi."

Ningetamani mngekuwepo! Nimehudhuria semina ngapi za afya, zenye chai na vitafunwa, na hakuna iliyonifundisha kama lile koo la beberu. Kesho yake alishika nyundo mwenyewe akabomoa kuta mbili za kile chumba, akafunga mfuko mrefu wa kitambaa wa kunasa vumbi kwenye mdomo wa mashine, akanunua barakoa. Nilipopita tena, upepo wa ziwa ulikuwa unapita humo, na kwa mara ya kwanza niliona nyuso za wale wanawake wakiwa kazini. Kikohozi cha mkwe kikapungua hadi kikaisha. Cha mama hakikuisha, maana yeye alikuwa amelivuta lile vumbi miaka mingi kuliko wote.

"Uliandika maziwa," aliniambia. "Sasa andika na ukuta." Nikaahidi. Kila tulipoonana aliniuliza, na kila mara nilikuwa na kisingizio kipya. Ukweli ni kwamba niliona aibu kujisahihisha mbele yenu. Viwanda vyetu vingi vimo majumbani, mashine ukuta mmoja na chumba cha kulala, na hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Anayefika humo ni gazeti lililofungiwa vitumbua, na huenda lilikuwa na sifa zangu za maziwa. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Msibani mkwewe alinipokea. Alizungumza nami kirefu, akalia, akacheka tulipokumbuka yule beberu, na sikumsikia akikohoa hata mara moja. Kisha akaniuliza swali la mama yake mkwe: nimeshaandika?

Nimeandika, mama. Ninyi mnaosaga majumbani, maziwa mnywe kwa utamu wake. Kwanza bomoeni ukuta.