Randa ya Papa Iliyofua Mulango

Nikubali mapema, ili mwenye kutaka kunicheka anicheke na tuendelee: sabuni niliikwangua mimi. Kwa randa ya Papa. Ile nyembamba, ambayo hakumuazimisha hata fundi mwenzake. Na kwa sababu ya sabuni hiyo, yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikaribia kuzeekea mu chumba akiwa amevaa nguo za dot, sherehe ya kutoa mahari.

Sasa ninaweza kuanza kama wazee wanavyoanza. Enzi zetu, bandugu, wakati sisi tulio mu humanité, yaani sekondari, leo tulikuwa bado tunafuta makamasi kwa mukono wa uniforme, Bukavu ilikuwa Bukavu. Mvua ilikuwa na adabu: ilingoja kwanza Maman aanike nguo, ndipo inaanguka. Tulicheza mupira wa mifuko ya plastiki mpaka unateremka Nyalukemba yote kuelekea ziwa, na aliyeupiga ndiye anaufuata, hata kama bugali iko tayari mezani. Watoto wa leo mupira wao uko mu telefone. Ukiisha, wanalilia batri. Batri! Sisi tulikuwa na sababu za maana za kulia. Sababu moja ilikuwa mukono wa kuume wa Maman.

Papa yangu ni seremala. Alifanyia kazi mu kiwanja chetu, chini ya bati, na mbao mbichi zilizotoka kijiji cha Miti ndizo zilizoipa nyumba yetu harufu. Ulikula bugali na sombe, ulitafuna na vumbi ya mbao kidogo, ulishukuru Mungu. Randa zake kubwa za kulainisha mbao tuliruhusiwa kuzigusa. Lakini kulikuwa ile moja, nyembamba kama katekisimo, mafundi wanaiita giyome. Kisu chake kinafika mpaka ukingoni kabisa, hakiachi kitu pembeni, kwa hiyo inaingia mu kona ambamo randa nyingine zinagonga pua. Kwa giyome Papa alichonga zile ngazi ndogo za ndani ya fremu, ngazi ambamo kioo cha dirisha kinakaa, ama mulango unaegemea ukifungwa. Na majira ya mvua, milango ya kartie nzima ikivimba kama shavu la mutu mwenye jino, watu walikuja kumulilia: "Papa fundi, mulango imekatala!"

Hizo zilikuwa kazi halali. Mimi na mudogo wangu, siku Papa hayupo, tuliigundulia nyingine. Bugali ya jana, ikikauka vizuri, inatoka mu giyome kama utepe. Unaweza kuifunga mukononi ukasema ni saa. Avoka haifai. Kisigino cha tonton, mujomba wetu, aliyelala muchana kinafaa sana, tatizo tu tonton anaamuka.

Basi, yaya Nsimire, wa kwanza kati ya mabinti watatu wa nyumba yetu, akachumbiwa na mwalimu mumoja wa upande wa Kavumu. Alikuwa amengojea siku ya dot mpaka sisi wengine tukachoka kwa niaba yake. Wakaipanga Jumamosi, katikati ya mvua. Ijumaa Maman akanipa vitambaa vyote vya meza na kipande kirefu cha sabuni, kigumu kama tofali la kanisa. "Ukate kidogo kidogo, uloweke," akasema. Kisu cha jikoni kiliteleza, kikanitishia kidole. Hapo akili ikaniingia. Giyome!

Jamani, ilikuwa nzuri. Sabuni ilianguka mu beseni kama manyoya ya kuku, povu likapanda, vitambaa vikawa vyeupe mpaka Maman akanisifu mbele ya majirani, jambo ambalo halijatokea tena. Nikairudisha randa mahali pake. Kuifuta? Nani alinifundisha kuifuta? Koo lake lilibaki limejaa sabuni mpaka juu.

Kesho yake asubuhi Papa akaichukua aende kutengeneza mulango wa kile chumba cha nje, ambamo Nsimire angefichwa. Mulango ule uliangalia kiwanja na ulikuwa unakunywa mvua mwezi muzima. Akasukuma giyome mu ngazi ya fremu, kutoka juu mpaka chini. Badala ya mbao kutoka, likatoka povu.

"Hii mbao iko na ugonjwa gani?" akauliza.

Mimi nikaangalia mawingu.

Pikipiki za wageni zilikuwa zinasikika barabarani. Papa akasukuma mbio mbio, povu likamwagika, akalifuta kwa kitambaa, akajiambia ameshachonga. Kumbe alikuwa ameufulia mulango. Wakamuingiza Nsimire ndani peke yake, Papa akausukuma kwa bega: kwaa! Ukafunga.

Sasa, dot ya kwetu iko na muchezo wake. Musemaji wa wageni, muzee mumoja mwenye kofia ya manyoya, akasimama chini ya hema na kusema: "Kuna kitu chetu kimepotelea mu kiwanja hiki." Shangazi, ambaye ndiye alitusemea, akajibu: "Hapa hatujaona kitu. Pengine mulikosea njia." Watu wakacheka, mbuzi wakaletwa. Papa akamukonyeza Shangazi, naye akaenda kufungua.

Mulango ukakataa. Shangazi akawachekea wageni, akavuta tena. Ukakataa.

"Aaa, tunaelewa!" muzee wa kofia akasema. "Shangazi hajapewa kitenge. Leteni kitenge!"

Wakaleta. Sasa Shangazi angefanya nini? Akakipokea, akakikunja chini ya kwapa, akavuta kwa nguvu zaidi. Kitasa kikabaki mukononi mwake.

"Bado tu? Ongezeni mbuzi!"

Mbuzi akaongezwa. Mulango, kimya. Ikaja kazie, kreti nzima ya bia. Mulango, kimya. Ndani Nsimire akaanza kupiga makofi kwenye mbao: "Papa! Mulango imefunga! Munifungulie, mimi namutaka!" Wageni wakapiga vigelegele. "Anajua kuigiza, huyu!" mwanamuke mumoja akasema.

Lakini muzee wa kofia alikuwa ameacha kucheka.

"Ninyi watu wa Bukavu," akasema, "kama munatunyima binti, museme. Sisi si soko la Nyawera. Twendeni kwetu."

Akafunga vifungo vya koti. Pikipiki zikaanza kunguruma. Muchumba alisimama mu matope na viatu vyake vipya, anautazama mulango kama mutu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mutihani asilione. Na kule ndani kelele zikakatika. Nikasogeza sikio. Yaya yangu, ambaye alikuwa ananipiga huku anaimba, alikuwa analia pole pole, kama hataki tusikie.

Nikavuta koti ya Papa. "Papa. Ni sabuni."

"Sabuni gani?"

"Mu giyome."

Aliniangalia kama anayenipima urefu kwa ajili ya sanduku la maiti. Kisha akageuka, akaangalia dirisha la kile chumba, nami nikaona uso wake unabadilika. Akachomoa misumari midogo, akasukuma kioo kwa vidole. Ile ngazi aliichonga kwa giyome kabla mimi sijaitia sabuni, imenyooka hata nywele haipiti, na kioo kikatoka kizima kama picha kwenye fremu.

"Nsimire! Pitia huku!"

Kitambaa cha kichwa kikatangulia. Kisha uso wenye machozi, kisha mabega. Kiuno kikafanya mukutano kwanza. Shangazi na jirani wakavuta mikono, kiatu kimoja kikabaki ndani, na yaya yangu akatua mu matope mbele ya muchumba wake. Kiwanja chote kikageuka kumuangalia. Hata mbuzi.

Muzee wa kofia akavua kofia.

"Kumbe kwenu ni hivi!" akasema. "Binti wa seremala anatokea dirishani! Kwa nini hamukutuambia? Zimeni pikipiki!"

Nasikia leo upande wa Kavumu kuna familia ambamo bibi harusi lazima apitie dirishani, na wanasema ni desturi ya mababu.

Siku hizi watu wananunua milango ya chuma. Haivimbi, haina tabia, haina maoni. Unaenda kwenye dot, shangazi anazungusha funguo, binti yuko nje kabla hujapata kiti, na wadogo zake wako busy kumupiga picha badala ya kuiba soda kama watu. Papa naye anachonga kwa mashine ya umeme inayopiga kelele mpaka kuku wanahama. Yote inaenda haraka, na hakuna anayengojea kitu mpaka kimuume moyoni. Mara nyingine nikipita mbele ya milango hiyo ninawaonea huruma watoto wa leo, kisha ninakumbuka kipigo nilichokula, huruma inapungua.

Jioni ile wageni walipoondoka, Papa alichukua nyundo na patasi, akauendea mulango aung'oe. Maman alikuwa ameketi juu ya kazie tupu, miguu kwenye beseni ya maji ya moto, anawaangalia mbuzi wa ziada wakila maua yake.

"Weye, acha hiyo mulango," akasema. "Niko na mabinti wabili bado."