Saa Mbili ya Fundi Mtandao

Fundi mtandao wa kampuni ya korosho pale Mtwara hakugusa kompyuta kabla ya kufuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, na Zuhura wa mapokezi alishazoea kumsubiri. Programu mpya ya kuchora grafu za matumizi ya mtandao aliiacha kama ilivyokuja. Alichobadili ni saa tu: aliirudisha nyuma saa sita, ili watu wakiingia kazini saa mbili asubuhi, nayo isome mbili. Kabla wiki haijaisha, bosi akaziona grafu huko Dar, akapiga simu. Nani anachezea mtandao saa nane usiku? Afukuzwe leo. Zuhura akampa fundi simu. Fundi akafuta vidole kwanza.

"Shikamoo mzee," akasema taratibu. "Grafu imeandika mbili. Hiyo nane umeitoa wapi?"