Ngumi Nyumbani kwa Kizuka

Sinema ya wanawake ilikuwa alasiri moja kwa wiki, na sisi wanawake wa Mji Mkongwe hatujapata kuwahi mahali hata siku moja. Huyu anamsubiri shoga yake, yule mtoto kamkojolea buibui, mwengine kasimama mlangoni na kikapu cha bisi anagombana na mkata tikiti, anaapa kwamba lile jitoto lake lenye meno yote bado linanyonya. Mwenye sinema alikuwa mjanja. Kabla ya picha yenyewe, ile ya Kihindi au ya Kimisri tuliyoifuata, alituwekea mkanda wa kuanzia, chochote alichonacho, ili tukae na tunyamaze. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, alichokuwa nacho ni mkanda mmoja tu, wa ngumi.

Ulikuwa mpambano wa zamani, wa kabla ya vita, huko kwa Wazungu. Mkanda wenyewe umechakaa, una mikwaruzo mpaka ungedhani wanapigana mvuani. Mara ya kwanza tulipiga kelele tuondolewe uchafu ule. Wanaume wawili vifua wazi mbele ya wake za watu, toba! Mara ya pili tulitazama kwa vidole vilivyoachana. Haikupita muda, wanawake wale wale wasiopata kuwahi mahali wakaanza kufika mapema, na ukimwuliza mtu kilichomleta anasema jua lilikuwa kali nje.

Mtangazaji alikuwa akibwabwaja Kiingereza chake na sisi hatumsikilizi. Majina ya wale wapiganaji hatukuyajua, basi tukawapa yetu. Mmoja mrefu, kaingia na joho jeupe linalong'aa, nywele zimelazwa kwa mafuta. Huyo tukamwita Bwana Harusi. Wa pili mfupi, kipara, mabega mapana, anarusha mikono kama anavuta makasia. Huyo akawa Mpiga Kasia.

Mama mdogo wangu, aliyekuwa akinichukua sinema tangu nilipovunja ungo, alikuwa wa Bwana Harusi, moyo na roho. "Mtazame anavyokwenda," akiniambia, "hakanyagi huyu, anapapasa." Mimi nilikuwa wa Mpiga Kasia. Si kwa uzuri, masikini, hakuwa nao hata kidogo. Nilimpendea kile kizee chake cha pembeni, kinachomsuuza mdomo na kumpangusa uso kila kengele ikilia, halafu kinamwambia neno sikioni. Nikawa nataka kulijua neno hilo. Mpaka leo nalitaka.

Bwana Harusi alikuwa na ila moja. Akichoka alishusha mkono wa kushoto, na Mpiga Kasia akimpitishia ngumi hapo hapo. Tumeshaliona jambo hilo, tunajua linakuja, na bado sinema nzima ilisimama kumpigia kelele: "Pandisha mkono we! Pandisha!" Hasikii. Anakwenda chini, joho na uzuri wote, na kina mama wanapiga mapaja kwa uchungu. Mama mdogo alikuwa akitoka pale anaapa kwamba wiki ijayo atainuka.

Mumewe alikuwa fundi cherehani Mlandege. Mkanda ule ule yeye aliuona kwenye maonyesho ya wanaume, na jioni wakikaa kula ndiyo ugomvi wao. Fundi alikuwa wa Mpiga Kasia, lakini hakutazama ngumi, alitazama kaptula. "Ile ya mrefu imekatwa vibaya," akisema, "inambana pajani. Angenijia mimi asingeanguka." Mama mdogo anamrushia kitambaa cha mkono. "Wewe na kipara wako!" Mimi pale kati nacheka, na binti yao ananilalia mapajani. Sijapata kuona nyumba iliyokuwa na raha kama ile.

Nimesema binti yao, na hapo pana neno. Mtoto alikuwa wa fundi kwa mke wake wa kwanza, aliyefariki akimzaa. Mama mdogo alimpokea hajaota jino, akamlea, na yeye mwenyewe Mungu hakumjaalia wa tumboni. Mtoto hakumjua mama mwengine. Alikuwa sasa na umri wa kuanza chuo cha Kurani, ana maneno mengi na hawezi kukaa kitako.

Fundi akaugua homa, haikufika wiki, akafa.

Mama mdogo akawa kizuka, kama kila mwanamke anayefiwa na mume: miezi minne na siku kumi ya eda ndani, nguo nyeupe, bila ya wanja wala udi, sauti chini, mlangoni hatoki. Mama yangu akanipeleka nikakae naye, nimfanyie ya sokoni na ya jikoni. Baada ya hitima, wifi yake, dada wa marehemu, alimwita kando kabla ya kurudi kwao shamba, Bwejuu. Mimi nilikuwa nakusanya mikeka, nikasikia. "Mtoto wa ndugu yangu nnakuachia kwa sasa," alisema. "Maliza eda ya ndugu yangu kwanza, uimalize vizuri. Tutaona." Mama mdogo akamwambia inshaallah. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kwa sheria hana chake. Hakumzaa, si damu yake. Alichokuwa nacho ni ile eda tu, aikae isemwe kwamba imekaliwa.

Akaikaa. Wallahi aliikaa. Alikuwa hali mpaka mtoto amlishe. Akikaa dirishani nyuma ya pazia, anasikia cherehani za watu njiani, anaondoka anakwenda kukaa upande wa pili. Siku moja akaniuliza, uso ukutani, "Leo si siku ya sinema?"

"Ndiyo, mama."

"Nenda basi. Ukirudi uje unambie."

Nilikwenda mbio. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nimechoka na nyumba ya msiba, nisiseme uongo. Nilikaa kwenye kiti changu nikafurahi, na huku nafurahi najiona mbaya. Niliporudi nikakaa chini mbele yake, nikamweleza kwa sauti ndogo: nani kaingia kwanza, nani kapigwa wapi, kizee kimempangusa vipi. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Fundi angesema kaptula." Na akatabasamu, mara ya kwanza tangu jeneza litoke.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nani? Mimi nilikuwa sijui kunyamaza wala kukaa. Wiki iliyofuata nilimwelezea kwa kusimama. Iliyofuata hiyo nilijifunga kanga kiunoni, nikazungushia vitambaa mikononi, mto wa usufi nikauegemeza kitandani ukawa Bwana Harusi. Mtoto akalia kwamba na yeye anataka kuwemo. Tukampa sinia la shaba na mwiko, awe kengele. Lo, jinsi alivyoipenda kazi ile! Mama mdogo akituambia, "Polepole, jamani, polepole," na sisi tunapunguza kidogo, halafu tunasahau.

Siku yenyewe, nilikuwa nimefika pale Bwana Harusi anapoanza kuchoka. Kila wiki mama mdogo alinikatiza hapo. Akisema, "Mpandishe mkono, mwanangu, leo mnyanyue." Siku hiyo hakunikatiza. Alisema, "Mwache aanguke. Ndivyo fundi alivyokuwa akitaka." Na machozi yakamtoka, ya kweli, yale ambayo siku zote za msiba hakuyatoa mbele yangu.

Ningekaa. Ningemshika. Lakini nilikuwa nimeshainua ngumi, nikaishusha juu ya mto kwa nguvu zangu zote, mguu ukateleza, nikaanguka mzima mzima juu ya kitanda, na mto na mimi tukamwagikia chini upande wa pili. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kicheko changu kile kibaya kinachosikika mtaa wa pili. Mtoto akaona mpambano umekwisha, akalipiga sinia hakuliacha. Hodi imepigwa chini, imepigwa kwenye ngazi, hakuna aliyeisikia.

Wifi mtu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha pweza mkavu alichomletea kizuka kutoka Bwejuu.

Mtu yeyote wa kwetu angeona alichokiona yeye. Sinia linapigwa, na sinia kwetu hupigwa harusini. Msichana kajifunga kibwebwe. Mjane wa ndugu yake anajifuta macho kwa upindo wa nguo yake nyeupe, na kwa kicheko kile kilichosikika hadi njiani, nani angedhani si machozi ya kucheka?

"Hii ndiyo eda ya ndugu yangu," alisema. Hakuuliza.

Nikaruka. Nikamwambia, "Shikamoo Bi, ni mimi. Mimi ndiye niliyecheka, yeye hakucheka, yeye alikuwa akilia. Nilikuwa nnamweleza ngumi za sinema." Nilidhani nasaidia! Kila nikizidi kusema ndivyo nilivyozidi kutia moto. Ngumi, sinema, kila wiki, yeye mwenyewe ndiye anayenituma, yote niliyatoa mimi kwa mdomo wangu, naapa kwa Mungu ili niaminiwe.

"Na sinia?" akauliza.

"Mimi, shangazi!" mtoto akajibu, kanyanyua mwiko juu, furaha tele. "Mimi ndiye kengele!"

Mama mdogo akasema, "Wifi yangu, tulikuwa tunamkumbuka marehemu."

"Kwa sinia?"

Nilimchukia mwanamke yule miaka mingi, na chuki ile ilinisaidia kidogo. Lakini alikuwa kafiwa na ndugu yake wa pekee. Kakaa kwenye gari la shamba kutwa nzima na kikapu magotini, anawaza kumliwaza mjane, kakuta ngoma. Ningekuwa mimi ningevunja vyombo. Yeye hakuvunja kitu. Alilala pale usiku ule, hakula, na asubuhi akamvisha mtoto viatu. Mama mdogo ni kizuka, mlangoni hawezi kutoka. Aliishia juu ya ngazi. Mtoto alidhani anakwenda kutembea, akashuka anaruka vidato viwili viwili, akatuaga kwa mkono.

Mama mdogo hakunigombeza. Hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana, angenipiga na mwiko ule ule, ningejua pa kuweka kichwa. Alinambia tu, "Usilie, watu watasikia."

Na mimi, nije niseme na hili, wiki mbili baadaye nilirudi sinema. Hakunituma mtu. Nilimwambia nnakwenda sokoni Darajani, nikakata tikiti. Nikamtazama Bwana Harusi akiingia na joho lake, na wanawake walipoanza kupiga kelele apandishe mkono nami nikapiga. Kwa dakika chache nikasahau kabisa. Halafu akaanguka, na mara ile, baada ya kuutazama mkanda ule mara zote zile, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: nyuma ya kamba, viti vya mbele, pana mwanamke wa Kizungu mwenye kofia, kajifunika uso kwa mikono yote miwili, hatazami. Watu wote wamesimama wanashangilia, yeye kakaa. Nikatoka kabla ya picha ya Kihindi kuanza. Njiani nikanunua nyanya ili nisirudi mikono mitupu.

Mama mdogo alimalizia eda yake ameinama juu ya cherehani ya marehemu, anashona gauni la mtoto, la waridi, kwa kumkadiria. Siku alipotolewa kizuka, akakoshwa, akavishwa kanga mpya, wanawake walitaka akae wamlishe. Hakukaa. Kulipokucha tulikuwa kwenye gari la Bwejuu, mimi na yeye, furushi la gauni mapajani mwangu. Njia nzima alizungumza. Ataomba radhi, atapiga magoti ikibidi. Akipewa hata mwezi mmoja mmoja, mtoto akae huku, akae kule, ataridhika.

Tulimkuta uani na watoto wenzake, wamekaa mchangani wanasuka kamba za makumbi ya nazi. Alikuwa kanawiri, mashaallah, kichwa kimesukwa vizuri, na katulia, yeye aliyekuwa hajui kutulia. Alipotuona aliinuka, akakung'uta mikono, akaja akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi."

Mama mdogo alimngoja. Nilimwona anamngojea aseme zaidi. "Marahaba," akajibu mwishowe. Akachutama mbele yake. "Hunijui, mwanangu? Mimi nani?"

Mtoto akamtazama shangazi yake aliyesimama mlangoni, halafu akatutazama sisi. Alijibu kwa adabu, kama alivyofunzwa.

"Nnakujua. Wewe ndiye uliyekuwa mke wa baba."

"Ndiyo," akasema mama mdogo. "Ndiye mimi." Akanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka, nimpe lile furushi, na mimi nilikuwa nimelikumbatia silitoi, mpaka ikabidi aliombe mara ya pili.